Maswali ya Kila Septemba: Washauri Rika Wawajibu Mafresha wa Maseno, Kakamega, Bondo na Njoro

Wakati wa mapokezi ya mwaka wa kwanza, meza ya washauri rika huwekwa kando ya foleni ya malipo. Nyuso hubadilika kila mwaka, lakini maswali ni yaleyale. Haya hapa ndiyo yanayorudiwa zaidi, na majibu tunayoyatoa. Yanahusu vyuo vikuu vya umma vya upande wa ziwa na magharibi, pamoja na Egerton kule Njoro. Kanuni hutofautiana kidogo chuo hadi chuo, kwa hivyo ukiona "vyuo vingi", thibitisha kwenye kitabu cha kanuni ulichopewa siku ya kuripoti. Ndicho kile unachofunikia sufuria.

## Mshauri rika

Mshauri rika ni nani hasa?

Ni mwanafunzi mwenzako, mara nyingi wa mwaka wa tatu au wa nne, aliyefunzwa na idara ya ushauri nasaha kuwapokea na kuwasindikiza wanafunzi wapya. Anajua fomu gani inataka muhuri wa nani, karani yupi husaidia na yupi atakwambia urudi kesho. Si kachero wa chuo, si naibu wa mama yako, wala si benki. Akikukopesha mia mbili ya chakula, hiyo ni hisani yake binafsi, si huduma.

Nikimweleza siri, itabaki siri?

Itabaki, isipokuwa pale maisha yako au ya mtu mwingine yamo hatarini, au kuna mtoto anayedhulumiwa. Hapo atalipeleka suala kwa mshauri nasaha wa chuo, na atakuarifu wewe kwanza. Ukisikia siri yako ikizungumzwa mesi, ripoti kwa idara ya ushauri. Mshauri rika asiyejua kufunga mdomo huondolewa, na ni haki.

Tusipoelewana je?

Omba mwingine. Hakuna atakayekuuliza sababu. Wasichana wengi hupendelea mshauri wa kike, na wapo wanaotaka mtu wa kozi yao. Yote yanawezekana ukisema mapema.

Kuna swali la kipuuzi?

La hasha. Tunaulizwa choo kiko wapi, na tunaulizwa kama ni lazima kusimama mhadhiri akiingia. (Si lazima.) Maswali yanayotuumiza kichwa ni yale yanayoletwa Aprili ilhali tatizo lilianza Septemba.

## Kuripoti na kujisajili

Nibebe nini?

Karatasi kwanza: barua ya kujiunga, hati ya matokeo ya KCSE, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho kama unacho, fomu ya daktari iliyojazwa na kupigwa muhuri, picha za pasipoti na risiti ya malipo. Beba asili pamoja na nakala kadhaa za kila kimoja. Siku hiyo saiba za langoni (maduka ya kompyuta na kutoa nakala) huwa na foleni ndefu kuliko ya msajili mwenyewe.

Vitu vya chumbani: kufuli imara, ndoo, beseni, shuka na neti ya mbu. Usisafiri na nyumba nzima kutoka Kitui. Kisumu kuna soko la Kibuye ambalo Jumapili hufurika mitumba, na mablanketi, mapazia na sufuria utavipata huko bila kulipia mzigo kwenye basi. Anayeenda Njoro abebe sweta nzito na soksi, maana baridi ya kule si ya mchezo. Anayekuja Maseno, Kisumu au Kakamega ajue kwamba asubuhi ni jua kali, alasiri mawingu yanajikusanya, na saa kumi mvua inashuka na radi zake. Mwavuli utakufaa kuliko koti.

Nimechelewa kuripoti. Nafasi yangu imepotea?

Pengine bado. Barua ya kujiunga hutaja mwisho wa kuripoti. Kabla siku hiyo haijafika, mwandikie msajili ukieleza sababu, kisha uombe kuchelewa au kuahirisha nafasi hadi mwaka ujao. Kosa ni kunyamaza. Aliyeandika barua ana faili. Asiyeandika huhesabiwa kuwa hakuitaka nafasi.

Nimelipa karo na ninahudhuria madarasa. Kusajili yuniti (yaani kila somo la muhula) kuna umuhimu gani?

Mkubwa kuliko unavyodhani. Kulipa karo kunakufungulia mlango wa mfumo wa chuo, lakini ni wewe unayeingia humo na kuchagua kila yuniti ya muhula huo. Usipofanya hivyo, jina lako halitokei kwenye orodha ya mhadhiri, huwezi kuchapisha kadi ya mtihani, na hata ukiponyoka ukafanya mtihani, alama zako hazina pa kuandikwa.

Kwa hivyo jisajili wiki ya kwanza na uhakikishe msimbo wa kila yuniti unalingana na ratiba ya idara yako. Yuniti mbili zinaweza kuwa na jina linalokaribiana na misimbo tofauti, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Kisha chapisha karatasi ile, uiweke kwenye faili. Picha ya skrini pekee haitoshi: simu huibwa hapo stendi ya Luanda, mji jirani wa Maseno, kila uchao. Utaelewa thamani ya karatasi hiyo ukisoma swali la alama zilizokosekana hapa chini.

Kozi niliyopewa si niliyoitaka. Naweza kuhama?

Unaweza kujaribu. KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, hufungua dirisha la uhamisho kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na vyuo vina utaratibu wao wa kuhama kozi ndani ya chuo. Sharti ni lilelile: pointi zako za klasta (za masomo yanayotakiwa na kozi) zifikie kiwango cha kozi unayoitaka, na nafasi iwepo. Hakuna mjomba wala "mtu wa ofisini" anayeweza kukurukisha mfumo huo. Anayekuomba pesa kwa ajili hiyo ni tapeli.

Ukingoja jibu, endelea kuhudhuria kozi uliyonayo. Ombi likikataliwa, utakuwa na alama. Tumewaona waliosusia darasa kwa matumaini ya uhamisho, wakaishia bila kozi mpya na bila muhula.

## Pesa

HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu: pesa zake ni msaada au ni deni?

Ni deni. Bodi hiyo iliundwa na sheria ya mwaka 1995, na mkopo wa mwanafunzi wa shahada ya kwanza hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Unatarajiwa kuanza kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na anayekwepa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Ile sehemu inayoitwa ufadhili wa serikali ndiyo isiyorudishwa. Soma barua yako uone ni kiasi gani ni ufadhili na kiasi gani ni mkopo, kwa sababu wanafunzi wengi hawajui wanadaiwa ngapi hadi wanapotafuta kazi.

Sehemu ya karo huenda moja kwa moja chuoni. Ya matumizi ndiyo inayokufikia mkononi, na huchelewa. Panga muhula wa kwanza kana kwamba haitakuja.

Nimewekwa bendi ambayo si yangu. Nifanye nini?

Tangu 2023 wanafunzi wapya hupangwa katika bendi kulingana na uwezo wa familia, na makosa hutokea. Mtoto wa mjane kupangwa na watoto wa wenye mishahara si jambo geni. Kata rufaa kupitia tovuti ileile ya HEF (ya ufadhili wa elimu ya juu) uliyoombea, ukiambatisha ushahidi: cheti cha kifo cha mzazi, barua ya chifu, karatasi za hospitali, barua za ndugu walio shuleni. "Sisi ni maskini" si ushahidi. Barua ya chifu inayotaja kijiji, idadi ya watoto na kazi ya mzazi ni ushahidi.

Basari za NG-CDF (mfuko wa maendeleo wa eneo bunge) na za wadi huombwaje?

Nyumbani kwenu, si chuoni. Chukua fomu ofisi ya eneo bunge au ya wadi, ibandike nakala ya barua ya kujiunga na ya muundo wa karo, upate muhuri wa chifu. Chuo nacho kina ukurasa wa kujaza. Fomu hutoka wakati ambapo wewe uko darasani, kwa hivyo mwombe mtu wa nyumbani akuangalilie tangazo.

Pesa zangu huisha wiki ya tatu. Wengine wanaishije?

Wanaishi kwa sufuria. Anayekula kibandani mara tatu kwa siku hafiki mwisho wa mwezi, hata chapo dondo iwe rahisi vipi. Siku pesa inapoingia, kabla ya mtu kukuita popote, nunua vikavu: gorogoro kadhaa za mahindi upeleke posho, maharagwe, mchele kidogo, mafuta, chumvi, na omena. Mboga utanunua kila siku kwa pesa ndogo ndogo.

Omena hasa ndiyo imesomesha watu wengi upande huu. Itandaze kwenye sinia utoe mawe na takataka, imwagie maji moto, isugue, umwage, urudie hadi maji yawe safi. Ikaange kavu hadi ilie ndani ya sufuria, ndipo utie mafuta, vitunguu na nyanya. Ukiiharakisha kabla haijakauka, itavurugika na chumba chote kitanuka hadi Ijumaa. Watu wanne wakichangia sufuria moja, kila mmoja akiwa na zamu yake ya kupika, gharama hushuka sana. Lakini wekeni sheria kuhusu nani anaosha. Urafiki mwingi wa mwaka wa kwanza huvunjikia kwenye sufuria chafu.

Ukikosa kabisa, usilale njaa ukijificha. Ofisi ya masuala ya wanafunzi katika vyuo vingi ina mpango wa kazi ndogo za chuo kwa wahitaji, na vikundi vya dini husaidia bila kelele.

Naweza kubeti kidogo ili niongeze? Na mikopo ya simu?

Hapana kwa yote mawili. Karo haijawahi kuongezeka kwenye kampuni ya kamari. Ikiwa tayari imeliwa, mwambie mshauri wako leo, kabla hujakopa kwenye simu kuziba pengo. Karo iliyopotea huweza kupangiwa malipo ya awamu na ofisi ya fedha. Madeni ya programu tano za mikopo hayapangiwi na mtu, na mengine hupigia simu hadi shangazi yako.

Mwenzangu anaandikia wanafunzi wa Marekani kazi zao na analipwa vizuri. Nijiunge?

Swali hili huulizwa kwa kunong'ona, kwa hivyo tulijibu wazi. Ni udanganyifu wa kitaaluma, hata kama chuo kinachodanganywa kiko ng'ambo. Kuna pia hesabu ambayo hutaambiwa: fresha huanza kwa akaunti ya kukodi kwenye tovuti za kazi hizo, mwenye akaunti anakata chake, kazi inaingia usiku wa manane kwa sababu kwao ni mchana, nawe una darasa saa moja asubuhi. Tunaowajua walioifanya kwa bidii wengi walilipa kwa yuniti zao wenyewe. Ukiwa na kalamu nzuri, kuna kazi halali za kunakili sauti, kutafsiri na kuhariri.

## Makao

Nikae hosteli ya chuo au nje?

Mwaka wa kwanza, hosteli, ikiwa nafasi ipo. Ni bei nafuu, iko karibu na maktaba, na utajua watu. Nje kuna uhuru, lakini una bili ya maji, tokeni za stima, na safari ya usiku. Njokerio nje ya Egerton na soko la Maseno zimejaa ploti za wanafunzi, nzuri kwa mbaya.

Ukiamua nje, usikague chumba saa nne asubuhi jua likiwaka. Rudi saa mbili usiku uone kama njia ina taa na nani anakaa kwenye kona. Rudi mvua ikinyesha uone paa. Fungua bomba. Uliza kama mita ya stima ni yako peke yako au mnashiriki ploti nzima, maana ya kushiriki huleta vita. Waulize wapangaji, si keateka, yaani msimamizi wa ploti.

Wakala anataka dipoziti kabla sijaona chumba, anasema kitachukuliwa.

Acha kichukuliwe.

Kwa nini koili, jiko la stima, imepigwa marufuku na kila mtu anayo?

Kwa sababu nyaya za hosteli hazikuwekwa kubeba koili mia moja zikiwaka saa moja jioni. Stima ikipotea bloku nzima, sababu ni hiyo, na siku nyingine sababu hiyohiyo huwasha godoro. Ukikamatwa itachukuliwa, na vyuo vingi hutoza faini. Hosteli nyingine zina vyumba vya kupikia. Pasipo na chumba hicho, pikeni kwa rafiki anayekaa nje mwenye mtungi wa kilo 6. Hatutakudanganya kwamba marufuku hiyo inafuatwa. Tunasema tu moto haubagui aliyepika na aliyelala.

Mwenzangu wa chumba huleta mpenzi, mimi natupwa eksaili (nje ya chumba nikalale kwingine). Niende wapi?

Zungumza naye kabla ya eksaili ya pili. Mkubaliane: taarifa mapema, si usiku wa mtihani, si kulala hadi asubuhi. Mara nyingi mtu hajui unaumia kwa sababu ulimwambia "hakuna shida, bro" ukachukua blanketi. Ikishindikana, mwone msimamizi wa hosteli. Hosteli nyingi haziruhusu mgeni kulala, kwa hivyo sheria iko upande wako. Kama unaogopa uhasama, mshauri rika anaweza kukaa nanyi wawili.

## Masomo

Alama hupatikanaje?

Kwa kozi nyingi, majaribio ya ndani ya muhula, yale sote tunayaita CAT, hubeba asilimia 30 na mtihani wa mwisho 70. Kupita ni 40. Sabini kwenda juu ni daraja la kwanza, sitini hadi 69 ni daraja la pili la juu, hamsini hadi 59 la pili la chini, chini ya hapo ni kupita tu. Kozi za udaktari na nyinginezo chache zina vipimo vyake.

Shule ya upili nilikuwa wa kwanza. Sasa napata 43. Nimekuwa mjinga?

Hapana. Kengele ndiyo imeondoka. Shuleni kulikuwa na mtu wa kukuamsha, wa kukukalisha prepu ya usiku, na wa kukuchapia maswali ya marudio. Hapa mhadhiri anaongea kwa muda wa saa tatu, anataja kitabu, anaondoka. Darasa lina watu mia tatu wa kwanza shuleni mwao.

Kinachosaidia ni kikundi cha watu wanne au watano, si ishirini, mnaokutana siku moja isiyobadilika na kufanya mitihani ya miaka iliyopita mkijipimia muda, bila kufungua daftari. Maktaba nyingi huiweka mitihani hiyo. Kundi la pili la msaada ni mhadhiri mwenyewe, ambaye wengi hawamwendei kwa woga.

Nimwite vipi mhadhiri?

Daktari au Profesa kama anacho cheo hicho, ama Mwalimu, na hutakosea. Ukimtumia ujumbe, anza na salamu, jina lako kamili, namba ya usajili, yuniti, kisha swali moja. "Sasa dok, zile notisi" saa tano usiku haujibiwi. Karani wa idara naye muamkie kwa heshima, kwani ndiye anayeshika funguo za kabati la faili. "Shikamoo" hapa si lazima kama Pwani, lakini "Habari ya asubuhi, mama" hufungua milango mingi.

Nilifanya mtihani lakini alama hazionekani. Hii ndiyo "missing maksi"?

Ndiyo hiyo, na ndilo swali linaloharibu sherehe nyingi za kuhitimu. Sababu huwa chache: hukusajili yuniti, ulikosea namba ya usajili kwenye kijitabu, CAT haikuingizwa, au karatasi imepotea mahali fulani kati ya mhadhiri na mfumo. Mbili za kwanza unaweza kuzizuia. Mbili za mwisho unaweza kujilinda nazo kwa ushahidi.

Tia saini karatasi ya mahudhurio ndani ya chumba cha mtihani, na usiondoke kabla haijakufikia. Hifadhi kadi ya mtihani yenye saini ya msimamizi. Kila CAT iliyosahihishwa ipige picha na uiweke karatasi yenyewe. Alama zikikosekana, anza kwa mhadhiri, kisha mratibu wa mitihani wa idara, kisha mwenyekiti wa idara. Kila mara peleka barua fupi na nakala yake, nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa, urudi nayo. Maneno ya mdomo husahaulika. Muhuri una tarehe.

Fanya hivyo muhula uleule au unaofuata. Mhadhiri wa muda anaweza kuondoka akaenda chuo kingine, na kumtafuta baada ya miaka mitatu ni kazi ya upelelezi. Tumekaa na mtu wa mwaka wa nne aliyekwisha kupimwa joho, jina lake halimo kwenye orodha kwa ajili ya yuniti moja ya mwaka wa kwanza. Alikuwa ameiona pengo hiyo tangu zamani, akaona haya kuuliza.

Nimefeli yuniti moja. Nitafukuzwa?

Hapana. Kuna mtihani wa marudio, na katika vyuo vingi alama yake haipiti 40 hata uandike vipi. Ukikosa mtihani kwa ugonjwa au msiba, huo ni mtihani maalum, si marudio, na alama zako huhesabiwa kamili. Sharti ni kuomba kwa barua yenye ushahidi. Tofauti hiyo wengi hawaijui, wanafanya marudio wakati walistahili maalum.

Mimi ni Msabato na mtihani umewekwa Jumamosi.

Upande huu wa Nyanza si tatizo geni. Andika mapema, ratiba ya rasimu inapobandikwa, si wiki ya mtihani. Pitia chama cha wanafunzi Waadventista, waandike kwa pamoja. Barua yenye majina arobaini husomwa tofauti na ya mtu mmoja. Vivyo hivyo kwa Waislamu na saa ya swala ya Ijumaa.

Wahadhiri wamegoma. Nirudi nyumbani?

Inategemea nauli. Mgomo wa 2025 ulianza Septemba ukaisha mapema Novemba, na waliorudi Garissa au Mandera walilipa safari mbili. Ukikaa, soma. Mgomo ukiisha muhula hubanwa, na CAT tatu zinaweza kuangukia wiki moja.

## Afya, moyo na usalama

Natoka Nyandarua. Malaria ni jambo la kuogopa?

La kuheshimu. Kanda ya ziwa ndiyo yenye malaria nyingi zaidi nchini, na mtu aliyekulia baridi hana kinga ambayo wenyeji wamejijengea. Lala ndani ya neti kila usiku, hata joto likikusumbua. Ukipata homa, kichwa na viungo vikiuma, nenda zahanati ya chuo upimwe kabla ya kumeza chochote. Dawa za kawaida ni dozi sita kwa siku tatu. Usiache ya nne kwa sababu umepata nafuu.

Jambo moja wazazi hawalijui: homa inaweza kukuanza ukiwa umerudi likizo Ol Kalou. Mwambie daktari wa kule kwamba umetoka upande wa ziwa, maana huenda asifikirie malaria.

Na ujisajili SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa, iliyochukua mahali pa NHIF tangu Oktoba 2024. Zahanati ya chuo haimalizi kila kitu.

Sijui Kijaluo wala Kiluhya. Nitatengwa?

Darasani na hostelini watu huongea Kiswahili, Kiingereza na Sheng. Sokoni, "erokamano" (asante) upande wa Wajaluo na "mulembe" (salamu ya amani) ukivuka kuingia Luanda vitakupatia bei ya ubinadamu. Kinachotenga watu zaidi ni vyama vya kaunti wakati wa kura. Sheria ya 2016 ilifanya viongozi wa wanafunzi wachaguliwe kupitia wajumbe, na siasa za wajumbe hupenda hesabu za makabila. Jiunge na chama cha nyumbani ukitaka, lakini uwe pia na klabu moja isiyojali unatoka wapi.

Wiki ya nne sasa, kila usiku nalia. Ni kawaida?

Upweke wa wiki za mwanzo ni wa kawaida kabisa, hata kwa wale wanaoweka picha za kucheka kwenye status za simu. Mara nyingi hupungua ukipata watu wawili wa kula nao. Lakini ukiona hulali, huli, huogi, umeacha darasa, au unawaza kutoishi, hilo si la kungoja lipite. Mwone mshauri nasaha wa chuo, ni bure, au piga 1199, namba ya bure ya Msalaba Mwekundu. Huhitaji kueleza kila kitu. Sema tu, "Siko sawa."

Mhadhiri anadai tukutane hotelini ndipo nione alama zangu.

Usiende, hata "kumsikiliza tu". Kumnyanyasa mtu kingono kwa kutumia mamlaka ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Hifadhi ujumbe wote, usifute wala usimjibu kwa hasira. Mweleze mshauri rika au mshauri nasaha, atakusindikiza hadi ofisi ya jinsia ya chuo. Unaweza kuomba karatasi yako isahihishwe na mtu mwingine. Wavulana pia huandamwa, na njia ni hiyohiyo.

Nimebakwa. Nianzie wapi?

Hospitali, kabla ya polisi na kabla ya kuoga. Dawa za kuzuia HIV lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema ni bora. Za kuzuia mimba hufanya kazi ndani ya saa 120. Nguo ulizovaa ziweke kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Kisumu, hospitali ya rufaa ya Jaramogi, ile wenyeji wanaiita Russia, huwahudumia waathiriwa. Kwingine nenda hospitali ya kaunti. Fomu ya P3 ya polisi inaweza kufuata. Namba ya bure ni 1195. Mshauri rika atakwenda nawe saa yoyote ya usiku, na hapa ndipo kanuni ya "usinipigie baada ya saa nne" haipo.

Nina mimba. Ndio mwisho wa chuo?

Sio. Unaweza kuahirisha masomo kwa barua na kurudi, au kuendelea ukijiweza. Wapo waliofanya mtihani na mtoto akiwa kwa jirani wa ploti. Anza kliniki mapema, na ulizia kanuni za hosteli kwa sababu wengi hulazimika kuhamia nje.

Nataka kuacha kabisa.

Ahirisha kwanza. Kuahirisha ni barua kwa mkuu wa kitivo, nafasi yako inabaki, na una mwaka wa kufikiri. Kutoweka tu kunakuachia deni la HELB, nafasi iliyofutwa, na yuniti zilizojazwa sufuri.

Naweza kuwa mshauri rika mwakani?

Idara ya ushauri nasaha hutangaza nafasi, mara nyingi muhula wa pili. Usiwe na kesi ya nidhamu, utahojiwa, kisha mafunzo ya wikendi kadhaa. Hakuna marupurupu. Kuna fulana, chai ya mafunzo, na barua ya shukrani ambayo itabidi uifuatilie mwenyewe ofisini.